Asili ya Neno "Garimoshi"

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Injini zake ziliendeshwa kwa mvuke, lakini aliyesimama kando ya njia aliona moshi. Waswahili wakasema gari la moshi. Gari ni neno la Kihindi, moshi ni la Kibantu. Waingereza, kwa upande wao, waliipa injini hiyo jina lililoundwa kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya mahali na mwendo. Wao walitaja kazi yake. Sisi tulitaja sura yake. (Hata reli, tuliyoipata kwao, asili yake ni regula ya Kilatini, yaani kijiti kilichonyooka. Rula ya mwanafunzi ni ndugu yake.)

Wapo wanaodai garimoshi liachwe, tuseme treni tu, kwa kuwa moshi umekwisha: tangu 2024 treni ya umeme yaenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Hoja hiyo haitoshi. Bwana Juma haulizwi kama kweli alizaliwa Ijumaa. Gari la moshi lilikuwa maelezo, na kila neno lilikuwa na uhuru wake: twaweza kusema gari kubwa la moshi, na wingi wake ni magari makubwa ya moshi. Kiunganifu "la" kilipodondoka, maelezo yakawa jina, wala hapana neno liwezalo kupenya katikati yake. Twasema garimoshi kubwa, magarimoshi makubwa.