Ndoa ya Kulazimishwa: Binti Aliyenyakuliwa na Mipaka ya Ijbari katika Karagwe na Kyerwa

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (s.a.w.).

Suala tunalolizungumzia humkuta imamu wa kijijini ghafla. Binti amechukuliwa kwa nguvu, wazee wamekaa, faini na ng'ombe vimekubaliwa, kisha sheikh anaitwa afungishe ndoa. Baba ameridhia, mashahidi wapo. Na akisita, huambiwa kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi baba anayo ijbari, yaani haki ya kumwoza binti yake bikira bila idhini yake. Je, hoja hiyo inasimama?

Kwanza tutazame desturi yenyewe. Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, imepakana na Rwanda na Uganda, na mto Kagera haujawahi kuzuia mila kuvuka. Ng'ambo ya mto, Ankole, kulikuwa na desturi iitwayo oruhoko. Kijana aliyekataliwa alimrusha jogoo uani kwa wazazi wa binti, au alimpaka binti unga wa ulezi usoni, au alimtia kamba ya ng'ombe. Baada ya hapo binti alihesabiwa kuwa wake, na mahari iliongezwa kama adhabu. Rwanda nako kuna guterura, yaani kumnyanyua binti na kwenda naye. Mambo haya ni ya kale kuliko Uislamu katika nchi hizi. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanika mwaka 1861 alikuta kituo cha wafanyabiashara wa pwani huko Kafuro, na Stanley mwaka 1876 alimkuta hapo Mwarabu aitwaye Hamed bin Ibrahim. Waliokuja Kafuro walifuata pembe za ndovu zaidi kuliko darasa. Fiqhi ya Kishafi iliyotoka pwani ilienea baadaye, ikaikuta mila imeshakaa, na neno ijbari likapata matumizi ambayo wenye vitabu hawakuyakusudia.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 19, Allah (s.w.t.) amewaharamishia waumini kuwarithi wanawake kwa nguvu. Imam Bukhari amepokea kisa cha Khansaa bint Khidham (r.a.), aliyekuwa ameshawahi kuolewa, baba yake akamwoza naye hataki. Alipomwendea Mtume (s.a.w.), Mtume aliibatilisha ndoa ile. Inafaa wanafunzi walitambue hili: Bukhari hakukiweka kisa hiki katika mlango wa nikaha peke yake. Amekirudia katika Kitabu cha Ikrahi, pamoja na hukumu za mtu aliyeshurutishwa. Ama bikira, Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba msichana aliyeozwa bila ridhaa alipewa hiari na Mtume (s.a.w.), ingawa baadhi ya wanahadithi wamesema isnadi yake ni mursali. Hapo ndipo wanachuoni walipotofautiana. Wahanafi walisema mwanamke aliyebaleghe halazimishwi, bikira au asiye bikira, na Ibn Taymiyya naye akachagua kauli hiyo. Mashafi na Wamaliki walimwachia baba ijbari juu ya bikira.

Lakini ni ijbari gani? Mashafi wenyewe wameifunga kwa masharti: pasiwe na uadui wa wazi kati ya baba na binti, mume awe kufu yake, na awe na uwezo wa kulipa mahari, na mahari yenyewe yawe ya mfano wake. Kijana anayevizia njia ya kisimani, tena fasiki kwa kitendo chake, amekuwaje kufu wa binti mcha Mungu?

Na lipo jambo zito zaidi, ambalo wanaoitaja ijbari hawalitaji. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba ubikira ukiondoka kwa kuingiliwa, sawa iwe kwa halali au kwa haramu, mwanamke anakuwa thayyib. Thayyib haozwi ila kwa idhini yake ya kutamka. Kunyamaza kwake hakutoshi. Na akiwa hajabaleghe, haozwi na yeyote, hata baba, mpaka abaleghe. Basi binti aliyenyakuliwa na kuingiliwa ametoka katika ijbari usiku ule ule, kwa madhehebu yale yale yanayotolewa hoja. Baba anayesema "nimeridhia" asubuhi yake anaridhia kitu ambacho si chake tena.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, kifungu cha 16, inataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili. Katika hili kadhi na hakimu hawana ugomvi.

Kinachomfunga binti, kwa kweli, ni ng'ombe. Kimila mahari huenda kwa baba, na binti akirudi nyumbani ng'ombe hudaiwa; huenda wameshauzwa, au wameshamwozea kaka yake. Ndiyo maana nyumba nzima humsihi avumilie. Katika sharia mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe, kama ilivyo katika aya ya 4 ya sura hiyo hiyo, na baba aliyepokea ng'ombe ajibu yeye deni lake.

Kwa hiyo sheikh aliyeitwa asianze na khutba. Aombe kuzungumza na binti mbali na waliomleta, akiwepo mwanamke mwaminifu wa upande wa binti, amwulize, na asubiri jibu la ulimi. Akisema hapana, hakuna nikaha ya kufungwa. Na ikiwa sheikh mwingine alishaifunga bila idhini hiyo, akdi ni batili kwa Mashafi, haihitaji talaka. Watenganishwe, binti akae eda kwa sababu ya kuingiliwa, apewe mahari ya mfano wake yeye mwenyewe, na mtoto aliyepatikana hali mume akidhani ndoa ni sahihi nasabu yake inathibiti.

Wallahu aalam.