Hofu ya kupiga 911: safari ya sheria ya Msamaria Mwema

Asubuhi ya Juni 19, 1986, Len Bias, nyota wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, alianguka bwenini baada ya kutumia kokeini. Alikuwa na umri wa miaka 22, na siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu Boston Celtics wamteue. Rafiki aliyekuwa naye alipiga 911, namba ya dharura, kuomba gari la wagonjwa. Bias hakupona.

Rafiki huyo alishtakiwa kwa makosa ya dawa za kulevya. Mwaka 1987 mahakama ilimwona hana hatia, lakini nchi ilikwishabadilika. Oktoba 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria kali: anayesambaza dawa hizo zikaua mtu, kifungo chake hakipungui miaka 20. Majimbo nayo yakatunga sheria za namna hiyo, na mpaka leo wapo wanaoziita kwa jina la Len Bias.

Walioielewa sheria haraka zaidi ni watumiaji wenyewe. Heroini, ambayo huku Pwani tunaiita unga, na dawa nyingine za jamii ya afyuni huua kimyakimya. Zikizidi mwilini, pumzi hupungua, midomo hugeuka rangi, mtu huitwa haitiki. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika nne au tano huanza kudhurika. Mara nyingi mgonjwa hayuko peke yake, na wa kumwokoa yuko hapohapo. Lakini akipiga simu, polisi nao watakuja. Basi watu wakamwagia mwenzao maji baridi, wakampiga makofi, au wakambwaga mlangoni mwa hospitali na kutokomea. Dakika za kuokoa zikaliwa na hofu.

Dawa ya kumwamsha ilikuwepo miaka mingi. Naloksoni, iliyobuniwa na Jack Fishman na Mozes Lewenstein na kuombewa hataza mwaka 1961, iliidhinishwa Marekani mwaka 1971. Huiondoa sumu ya afyuni kwenye vipokezi vya ubongo, na pumzi hurudi ndani ya dakika chache. Lakini kwa muda mrefu ilikaa hospitalini. Mwaka 1996 Dan Bigg na wenzake wa Chicago Recovery Alliance walianza kuigawa mitaani, kwa watumiaji wenyewe. Mwaka 2003 mtoto wa kambo wa Fishman alikufa kwa kuzidisha heroini. Msiba huo uliingia hata nyumbani kwa mbunifu wa dawa.

Kumlinda anayesaidia si jambo geni. California ilitunga mwaka 1959 sheria ya kuwakinga madaktari wanaotibu majeruhi njiani wasidaiwe fidia, na sheria za aina hiyo zikapewa jina la Msamaria Mwema, yule wa Injili ya Luka aliyemhudumia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi kwenye njia ya Yeriko. Swali lilikuwa: je, Msamaria akiwa naye ana unga mfukoni?

New Mexico ndiyo iliyojibu kwanza. Jimbo hilo, hasa wilaya ya Rio Arriba, lilikuwa limezika watu wa vizazi kadhaa kwa sababu ya heroini. Mwaka 2007 Gavana Bill Richardson alitia saini sheria kwamba anayeita msaada kwa nia njema, pamoja na mgonjwa mwenyewe, hatashtakiwa kwa kumiliki dawa zilizogundulika kwa sababu ya wito huo. Jimbo la Washington lilifuata mwaka 2010, New York mwaka 2011. Kanada ilipitisha ya kwake Mei 2017, kutokana na muswada wa mbunge Ron McKinnon. Leo karibu majimbo yote ya Marekani yana kinga ya aina hiyo.

Hata hivyo, kinga isiyojulikana haimkingi mtu. Watafiti wa Washington walipowaeleza watumiaji kuhusu sheria hiyo, asilimia 88 walisema sasa wangekuwa tayari zaidi kupiga 911. Lakini mwanzoni polisi wengi wa huko hawakuwa wameisikia. Kinga yenyewe ina mipaka: kwa kawaida haimgusi anayeshtakiwa kwa kuuza, wala, katika majimbo mengi, mwenye hati ya kukamatwa. Na ile sheria ya 1986, pamoja na zile za majimbo, bado zipo. Rafiki aliyenunua dozi ya wawili anaweza kuitwa msambazaji, na mwenzake akifa, akashtakiwa kwa kifo hicho.

Hapo ndipo penye kazi iliyobaki. Mkono mmoja wa sheria unamwambia apige simu, mwingine umeshika pingu. Kwa mtu anayetetemeka kando ya mwenzake asiyepumua, pingu ndizo huonekana kwanza. Yule kijana wa Maryland alikuwa na kila sababu ya kuogopa, na simu aliipiga. Atakayejikuta mahali pake usiku wa leo asilazimike kuwa jasiri kiasi hicho.