Nani Aliyevumbua Mvinyo wa Champagne?

Ewe msomaji, ukimwuliza mtu wa Ulaya ni nani aliyevumbua mvinyo wenye povu uitwao champagne, yaelekea utajibiwa mara moja: ni mtawa Dom Pérignon. Tena utasimuliwa jinsi alivyouonja mara ya kwanza, akawaita watawa wenzake waje mbio washiriki furaha yake. Hadithi hii ni tamu. Lakini mwanafunzi wa historia hatosheki na utamu. Huuliza: ushahidi uko wapi? Basi tufuatane tuutafute. Si nia yangu kukusifia kileo. Nataka uone jinsi kitu kilichohesabiwa kuwa ila kilivyogeuka kuwa tunu, na ni mikono ya nani iliyokigeuza.

Champagne ni jimbo la kaskazini mashariki ya Ufaransa, lenye miji ya Reims na Épernay. Ardhi yake ni ya chaki nyeupe, na baridi yake ni kali kwa mzabibu, kwa kuwa jimbo hilo li karibu na mpaka wa kaskazini wa nchi ambazo mti huo huweza kuivisha matunda. Hamira ndiyo igeuzayo sukari ya zabibu kuwa kileo, na katika kazi hiyo hutoa gesi, kama ile iumuayo unga wa maandazi. Zamani, majira ya baridi yalipoingia, hamira ilizizima ikalala kabla haijaimaliza sukari yote. Watu wakadhani kazi imekwisha. Kumbe, joto liliporejea, hamira iliamka ikaanza upya. Na ikiwa mvinyo umekwisha kutiwa chupani na kuzibwa, gesi haikuwa na pa kutokea. Chupa zikapasuka.

Dom Pierre Pérignon alikuwa mtunza ghala wa nyumba ya watawa ya Hautvillers tangu mwaka 1668 hata alipofariki mwaka 1715. Alikuwa fundi hodari wa kuchagua na kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali. Lakini povu hakulitafuta; aliliona kuwa ila, akajitahidi kulizuia. Sifa ya uvumbuzi alivishwa na Dom Grossard, mtawa wa zamani wa nyumba hiyo hiyo, katika barua ya mwaka 1821, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake.

Tena liko jambo jingine. Mnamo Desemba 1662, kabla Pérignon hajashika kazi yake, daktari Mwingereza Christopher Merret aliwaeleza wanachuoni wa Royal Society, mjini London, kwamba wauza mvinyo wa nchi yake hutia sukari katika mvinyo ili uchangamke na kutoa povu. Waingereza waliliweza jambo hilo kwa sababu chupa zao zilikuwa imara: tanuri zao za vioo zilitumia makaa ya mawe, yenye moto mkali kuliko kuni. Je, tumvue Pérignon taji tumvike Merret? Hasha. Merret naye alieleza tu kazi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Mwaka 1728 mfalme Louis XV wa Ufaransa aliruhusu mvinyo wa Champagne usafirishwe katika chupa, na biashara ikastawi. Lakini msukumo wa gesi ndani ya chupa moja hufika mara 5 au 6 ya ule wa hewa ituzungukayo. Katika miaka mibaya zaidi ya nusu ya chupa za ghala zilipasuka, moja ikizivunja jirani zake. Wafanyakazi walishuka ghalani wamevaa vinyago vya chuma, wasije wakapofuka macho. Nafuu ilipatikana mwaka 1836, Jean-Baptiste François, mfamasia wa mji wa Châlons, alipoonyesha namna ya kuipima sukari ili isizidi kiasi.

Yalibaki mashapo ya hamira, yaliyoutia mvinyo utusitusi. Barbe-Nicole Clicquot, aliyefiwa na mumewe mwaka 1805 akiwa na umri wa miaka 27, aliishika biashara ya marehemu kwa mikono yake. Yapata mwaka 1816, katika ghala lake, chupa zilipangwa kichwa chini katika meza yenye matundu, zikazungushwa kidogo kidogo, hata mashapo yakakusanyika penye kizibo na kutolewa. Wote hao walifanya kazi bila kujua hamira ni nini hasa. Ni kuanzia mwaka 1857 ndipo Louis Pasteur alipothibitisha kuwa kazi ya kugeuza sukari kuwa kileo hufanywa na hamira iliyo hai.

Naam, wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Baridi ilileta ila, na watu wengi, wa nchi mbili na vizazi vingi, wakaigeuza. Basi, msomaji, kila uambiwapo kwamba mtu mmoja peke yake alivumbua kitu, simama kidogo. Uliza habari hiyo iliandikwa lini, na nani, na kwa faida ya nani. Kisha uliza habari za yule aliyepuliza kioo, na yule aliyeshuka ghalani amevaa kinyago cha chuma. Hao nao wana haki yao katika historia.