Mafuta ya Uto na Mashamba ya Malindi

Msomaji, ukipita asubuhi katika mitaa ya Malindi, waweza kumwona mama akimpaka mwanawe mafuta kabla ya kumtoa nje. Kitendo hicho ni kidogo, na huenda umekitazama mara nyingi bila ya kukifikiri. Lakini katika kiganja cha mama huyo mna habari mbili: moja ya elimu ya maumbile, na nyingine ya historia. Zisikilize zote mbili, kwani ajuaye moja tu amejua nusu.

Tuanze na elimu. Adui wa mafuta ni hewa. Yakiachwa wazi, oksijeni huyaingilia kidogo kidogo, mwisho yakachacha na kunuka. Ngozi ya mwanadamu nayo ina mafuta yake, na jua kali huamsha ndani yake uharibifu wa namna iyo hiyo. Vitu vizuiavyo uharibifu huo huitwa antioksidanti. Katika mwaka 1922, huko California, Herbert Evans na Katharine Bishop waligundua katika chakula kitu ambacho baadaye kiliitwa vitamini E. Hicho ni mmoja wa walinzi hao, na leo watengenezaji wa vipodozi hukitia katika mafuta ya kujipaka.

Sasa litazame zao letu la pwani. Mafuta ya uto, yaani mafuta ya ufuta, hukaa muda mrefu bila ya kuharibika kuliko mafuta mengi ya mbegu. Sababu imo ndani ya punje yenyewe: mna sesamini na sesamolini, na hii ya pili ikipata moto huzaa sesamoli, mlinzi hodari wa mafuta. Watu wa pwani walikamua ufuta katika vinu vilivyozungushwa na ngamia, wala hawakungoja maabara iwaambie kuwa mafuta yale yalikuwa mema kwa chakula na kwa mwili.

Lakini ufuta ulilimwa na nani? Hapa historia hutukunja uso. Malindi, iliyompokea Vasco da Gama mwaka 1498, ilididimia baadaye hata ikawa magofu na msitu. Mnamo mwaka 1861 Sultani Majid bin Said wa Unguja aliufufua mji huo. Haukupita muda mrefu, mashamba ya mtama na ufuta yakatanda. Mtama ulipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Na ufuta wa pwani yetu ulinunuliwa na wafanyabiashara wa Kifaransa, ukakamuliwa Marseille. Waliolima, waliopalilia na waliovuna walikuwa watumwa. Mafuta yaliyolainisha ngozi za wengine yalitoka katika mikono iliyokuwa na sugu, na migongo iliyochomwa na jua bila ya ujira.

Usidhani kuwa watu hao walikuwa kimya. Wengi walitoroka wakajenga vijiji vyao barani, na Fuladoyo, katika nchi ya Kilifi, ni kimoja kilichopata sifa. Sheria ya mwaka 1907 ilipouondoa utumwa katika pwani ya Kenya, watoro walikuwa wamekwisha kujikomboa kwa miguu yao wenyewe.

Basi, msomaji, habari hizi mbili zina mafunzo mawili. La kwanza, usidanganywe na tangazo: antioksidanti ya kupaka husaidia kwa kiasi, lakini hairudishi ujana, wala haishindi kivuli cha mwembe wakati wa adhuhuri. La pili, kila kitu kizuri kina aliyekitolea jasho. Ukishika chupa ya mafuta uliza kilichomo ndani yake. Kisha uliza pia ni nani aliyelima, na alilipwa nini. Swali la kwanza litakupa elimu. La pili litakupa utu.