'Baraka': Filamu isiyo na neno na swali lake kwa uwanda wa Ufipa

FILAMU ya 'Baraka', iliyotolewa mwaka 1992, huchukua dakika 96 bila mtu yeyote kumweleza mtazamaji anachokiona. Haina msimulizi wala mahojiano, na hakuna maandishi yanayotaja jina la mahali. Kilichopo ni picha, muziki na sauti za mazingira, na kazi ya kutafuta maana ameachiwa aliyeketi mbele ya skrini.

Jina lake halihitaji mkalimani kwa msomaji wa Kiswahili. Aidha, baadhi ya picha zake zilipigwa Afrika Mashariki, zikiwamo za Wamasai wa Kenya na za Ziwa Natron lililopo kaskazini mwa Tanzania. Mada yake ni uhusiano wa binadamu na maumbile, jambo ambalo mkazi wa Sumbawanga hulikuta kila anapotoka nje ya mji.

Aliyeiongoza na kuipiga picha ni Mmarekani Ron Fricke, na mtayarishaji wake ni Mark Magidson. Walizunguka nchi 24 katika mabara sita wakitumia utepe wa milimita 70, ambao ni mpana mara mbili ya ule wa kawaida wa sinema na hunasa mambo madogo kwa uangavu mkubwa.

Fricke hakuwa mgeni katika kazi za aina hiyo. Ndiye aliyekuwa mpiga picha wa 'Koyaanisqatsi' ya mwaka 1982, filamu ya Godfrey Reggio yenye muziki wa Philip Glass, ambayo jina lake katika lugha ya Wahopi wa Marekani lina maana ya maisha yaliyopoteza mizani. Mwaka 2011 yeye na Magidson walitoa nyingine ya namna hiyo, 'Samsara'.

Mapema katika 'Baraka' anaonekana nyani wa Japani akiwa ndani ya chemchemi ya maji moto, theluji ikimwangukia kichwani, macho yakifumba taratibu kama ya mzee anayetafakari. Baada yake hufuata milima, mahekalu na watu walio katika ibada. Kisha katika msitu wa Brazil mti mkubwa unakatwa kwa msumeno wa mashine, na filamu inageuka.

Sehemu inayokumbukwa na wengi ni ile ya vifaranga. Wanaporomoka kwa mamia katika mitambo ya kiwanda, wanachambuliwa kwa mikono yenye haraka na midomo yao inachomwa. Katikati ya picha hizo zimepachikwa nyingine za wasafiri wa Tokyo wakimiminika kwenye ngazi za umeme za stesheni ya treni. Hakuna aliyesema kwamba binadamu wa mjini ameligeuza yai kuwa bidhaa na mwishowe akajigeuza mwenyewe, lakini kila mtazamaji amelisikia.

Hapo ndipo inapofaa kuwa mwangalifu. Filamu isiyo na maneno husifiwa kwamba haimhubirii mtu, na sifa hiyo ni ya kweli nusu tu. Hukumu imo katika mpangilio wa picha na katika muziki. Watu wanaochakura jalala la Kolkata wakionyeshwa juu ya wimbo wa huzuni, au visima vya mafuta vya Kuwait vikiwaka moto baada ya vita ya 1991, mtazamaji hana nafasi kubwa ya kuhisi kinyume cha alivyokusudia mhariri.

Udhaifu mwingine ni uzito zaidi. Watu wa vijijini wanasimama mbele ya kamera na kutazama kimya. Hawatajwi kabila, kazi wala shida zao. Ni rahisi mtazamaji kudhani kwamba wao ni sehemu ya mandhari kama milima na ndege, na kwamba anayefanya kazi juu ya ardhi ni mtu wa mjini peke yake.

Ufipa ni mahali pazuri pa kuipima dhana hiyo. Uwanda huo, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, upo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 pale Sumbawanga. Kamera ikipita juu yake ingeona vilima vya nyasi vyenye miti michache na, juu ya miteremko, mamia ya matuta ya mviringo. Bila maelezo, mtu angeweza kuiita ardhi iliyochoka.

Matuta hayo, ambayo Wafipa huyaita intumba, ni ufundi wa kilimo ulioandikwa na maofisa kilimo tangu enzi ya ukoloni. Mkulima hugeuza udongo pamoja na nyasi zake, nyasi zikiwa chini. Zinaoza ndani ya tuta na kuwa mbolea, huku juu yake zikipandwa mbegu kama maharage. Msimu unaofuata tuta hutawanywa na shamba kupandwa nafaka, hasa ulezi. Kwa njia hiyo udongo hafifu wa uwanda umelisha watu bila mbolea ya dukani. Tendo lenyewe lipo chini ya ardhi, na lenzi haifiki huko.

Vivyo hivyo kwa malungu, tanuri za udongo zenye urefu wa karibu mita tatu ambazo mabaki yake bado yanaonekana Ufipa. Humo Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa bila kutumia mivukuto, wakitegemea hewa iliyojivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma hicho kilisafishwa tena katika tanuri ndogo kabla ya kufuliwa jembe. Dawa za miti ziliwekwa katika tanuri kwa taratibu za kimila, na miti hiyohiyo ya uwanda ilichomwa kwa ajili ya mkaa. Heshima na uharibifu vilikaa katika kazi moja, jambo ambalo 'Baraka' huligawa katika sehemu mbili za filamu.

Msitu uliobaki karibu na mji ni wa milima ya Mbizi, makazi ya mbega wekundu na chanzo cha vijito vinavyotiririka kutoka uwandani.

Ziwa Natron nalo lina habari isiyomo katika picha. Ni mazalio makuu ya heroe wadogo, ndege ambao wengi huwaita flamingo, katika Afrika Mashariki. Miaka 14 hivi baada ya filamu kutoka, uliibuka mpango wa kujenga kiwanda cha magadi hapo. Mpango huo ulipingwa vikali na wahifadhi, na mwaka 2008 kampuni ya Tata Chemicals ikajitoa.

Mkoani Rukwa kwenyewe, Mto Kalambo unapakana na Zambia na kuanguka zaidi ya mita 200. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, watafiti walichimbua mwaka 2019 magogo mawili yaliyochongwa kwa zana za mawe na kupachikwa moja juu ya jingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yaliyapa umri wa angalau miaka 476,000, kabla ya binadamu wa aina yetu kuwapo. Udongo uliolowa maji ndio uliozuia mbao hizo zisioze.