Kutoka garimoshi la Makindu hadi Vitz: historia fupi ya geji

Leo tunaweka programu kando kidogo na kufungua boneti, ingawa mtaona hatuendi mbali na kompyuta.

Ukiketi ndani ya Vitz yangu hutaona geji ya joto. Kuna taa mbili tu: ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikiwa imechemka. Kati ya hizo mbili, kimya. Jijini hilo si tatizo. Lakini mimi huenda Wote na Kitui mara kwa mara, na kurudi Nairobi kutoka upande wa Makindu ni kupanda tu: jua la Ukambani, lori mbele yako kwenye milima ya Salama, nawe uko gia ndogo huku AC ikivuma. Taa nyekundu ikiwaka pale, huenda hedi ya injini tayari imeanza kupinda. Na kwa wengi wetu, kutengeneza hedi ni karo ya shule ya muhula mzima.

Basi nikajiuliza: ile nambari ilikwenda wapi? Maana ilikuwepo.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, na kufika Nairobi 1899. Dereva wa garimoshi la mvuke alikuwa na vitu viwili mbele ya macho yake: bomba la kioo lililoonyesha kimo cha maji ndani ya bwela, yaani lile tangi la kuchemshia maji, na geji ya presha. Geji hiyo asili yake ni Mfaransa Eugène Bourdon, mwaka 1849: bomba la chuma lililopindwa, ambalo presha ikipanda hujinyoosha kidogo na kusukuma mshale. Katika nchi kavu kama ile, maji yakipungua mno bwela lingeweza kulipuka. Dereva hakungoja taa imwambie. Alisoma kioo, akapima kama maji yatamfikisha kwenye tangi linalofuata.

Magari nayo yalianza hivyo hivyo. Miaka ya 1910 Mmarekani Harrison Boyce alipata hataza ya MotoMeter, kipimajoto kilichokaa juu ya kifuniko cha rejeta, dereva akikisoma kupitia kioo cha mbele. Baadaye geji zikahamia kwenye dashibodi. Miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ikaanza kuweka taa mahali pa geji za oili na chaji. Taa ni rahisi kutengeneza, na haimsumbui mtu asiyetaka kusoma mshale. Polepole gari dogo likabaki na taa.

Sisi waandishi wa programu tunaijua tofauti hiyo. Kengele hukuambia kuwa seva imeanguka. Kumbukumbu hukuonyesha ilivyokuwa ikielekea kuanguka, ungali na muda wa kufanya jambo.

Habari njema ni kwamba nambari haikufa, ilifichwa tu. Mwaka 1996 Marekani ililazimisha magari mapya madogo yawe na soketi ya OBD-II. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, na Japani baadaye. Nia haikuwa kumsaidia dereva bali kupunguza moshi mchafu. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, magari madogo yanayoshuka Mombasa siku hizi yana soketi hiyo chini ya usukani.

Kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics, ndiyo iliyotengeneza chipu ya ELM327 ya kuzungumza na soketi hiyo. Toleo la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa, likanakiliwa kweli kweli, ndiyo maana leo unapata kifaa cha Bluetooth kwa bei ndogo. Unakitumia herufi 01 05, gari linajibu 41 05 7B. Hiyo 7B ni 123. Toa 40, unapata nyuzijoto 83 za Selsiasi. Nimeandika programu ya simu inayouliza swali hilo kila sekunde na kuchora mstari. Mstari ukipanda kuliko kawaida, nazima AC. Ukiendelea kupanda, natafuta pa kuegesha.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo soketi haitakuambia. Kwanza, presha ya oili: gari dogo la kawaida lina swichi tu, kwa hiyo kompyuta haina nambari ya kutoa. Pili, sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Mpira wa rejeta ukipasuka na maji yakaisha, sensa inabaki hewani, na nambari inaweza kushuka wakati injini inaungua! Kwa hiyo nimeongeza sensa ya pete, inayobanwa na boliti kwenye chuma cha injini chenyewe, na geji ya presha ya oili. Swichi ya zamani tuliiacha, tukatumia kiungo cha T ili taa iendelee kufanya kazi.

Hapo angalia hesi, zile nyuzi za kufungia. Magari ya Japani hutumia kipimo cha Uingereza, kizao cha kazi ya Joseph Whitworth ya mwaka 1841, chenye nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi huja na kipimo cha Marekani, nyuzi 27. Zitashikana mizunguko michache kisha ziharibu chuma. Nunua adapta.

Kwa hiyo, ukiwa na Vitz, Passo au Demio na unasafiri Ukambani Desemba, anza na kifaa cha soketi. Ni kazi ya dakika chache. Sensa ya pete ifuate. Oili mwachie fundi unayemwamini.

Safari njema.