Mjomba, kule wanalipa?

Huku Mugoma, kwenye vilima vya Ngara, kijana mwenye mbio huambiwa neno moja: "Wewe utaenda Marekani." Mpwa wangu kaambiwa hivyo tangu acheze UMISSETA. Juzi akaniuliza, "Mjomba, kule wanalipa?"

Nikamsimulia habari za Suleiman Nyambui. Mtu wa Majita, mwalimu wa shule ya msingi, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso. Alikishindia chuo mataji kibao, na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Sheria za michezo ya vyuo wakati ule ziliruhusu ada, malazi, chakula na vitabu. Mshahara, marufuku. Hasheem Thabeet naye alicheza kikapu Connecticut miaka mitatu chini ya katazo hilohilo, kabla ya NBA kumchagua wa pili mwaka 2009.

Mwaka 2021 wanamichezo wakaruhusiwa kuingiza fedha kwa majina na sura zao. Mwaka 2025 vyuo navyo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Tatizo ni kwamba viza ya mwanafunzi humbana mgeni asifanye kazi za kulipwa ovyo. Wenzake wakipanga foleni ya malipo, yeye anatafuta mwanasheria kwanza.

Sisemi Nyambui alipunjwa tu. Elimu ni mali. Ila ile haikuwa sadaka, aliitolea jasho. Mpwa nimemwambia: nenda, lakini isome karatasi kabla hujatia saini.